Zamu ya tano, usiku wa kwanza

Neno 'zamu' nusura limfukuzishe shule mpwa wangu. Nalitaja mwanzoni ili msomaji asidhani kwamba haya ni malalamiko ya kawaida ya mzazi dhidi ya walimu. Mimi mwenyewe ni mwalimu, na riziki yangu yatokana na kuwafundisha vijana kwamba neno halina maana moja iliyofungwa kama punje ndani ya gunzi. Maana huja na mahali, na wakati, na sura ya anayesikia. Nilikuwa nikilisema hilo darasani kwa miaka mingi bila kuwahi kuliona likimliza mtu.

Ilikuwa Oktoba 2024, muhula wa tatu. Kijana huyo, mwana wa dada yangu, alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni isiyo mbali na mji wa Kitale. Dada alinipigia simu nikiwa natoka mhadharani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwana karejeshwa nyumbani na barua. Barua ilisema kuwa alipatikana na daftari lenye 'mipango ya kuhatarisha usalama wa shule', na kwamba afike mbele ya kamati ya nidhamu baada ya wiki mbili akiwa na mzazi au mlezi. Kwetu sisi Wabukusu khocha, yaani mjomba, hana njia ya kulikwepa jambo kama hilo. Nikafunga safari.

Daftari lenyewe lilibaki shuleni, lakini naibu wa mwalimu mkuu alikuwa ametoa nakala ya ukurasa mmoja na kuiambatisha kwenye barua. Nainakili hapa kama ilivyokuwa:

'Zamu ya 1, alfajiri: sajili sita. Zamu ya 2: tawanyikeni vijijini, kila mtu achukue chake. Zamu ya 4, machweo: wafu wakae ng'ambo ya mto, wasionekane. Mwanagenzi wa uchawi awatangulie. Zamu ya 5, usiku wa kwanza: tunaingia. Anayelinda ngome atakuwa peke yake.'

Sasa jitie katika viatu vya mwalimu aliyeipata karatasi hiyo chini ya godoro. Usiku wa tarehe 5 Septemba mwaka uo huo, moto ulikuwa umeteketeza bweni la shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri na wavulana 21 wakapoteza maisha. Wenye umri wangu hawajasahau Kyanguli, Machakos, Machi 2001, ambako wavulana 67 waliangamia katika bweni lililotiwa moto na wenzao. Mwalimu Mkenya anayesoma 'usiku wa kwanza, tunaingia' na kucheka hafai kukabidhiwa watoto wa watu. Na 'zamu' je? Katika shule zetu kuna mwalimu wa zamu, kuna zamu ya kufagia, kuna bawabu anayeshika zamu langoni. 'Anayelinda ngome atakuwa peke yake': ni nani huyo ikiwa si yule mzee wa langoni mwenye kurunzi na rungu? Naapa, hata mimi mjomba mtu nilipousoma ukurasa ule kwa mara ya kwanza, jasho lilinitoka.

Kijana alikuwa ameketi kwenye kochi la mamake, macho sakafuni. Nilimwuliza, 'Kijana, haya ni nini?' Akajibu, 'Khocha, ni mchezo.'

Mchezo wenyewe huitwa The Battle for Wesnoth. Ulianzishwa mwaka wa 2003 na David White, na tangu hapo umeendelezwa na watu wanaojitolea, hautozi senti, na huweza kuchezwa hata kwenye tarakilishi kuukuu isiyo na mtandao. (Natumia 'tarakilishi' kwa mazoea. Ule ubishi wetu wa miaka ya tisini kati ya 'tarakilishi', 'ngamizi' na 'kompyuta' haujaisha, na vijana wameuamua bila kutuuliza: wao husema 'kompyu'.) Kila mchezaji ana kiongozi mmoja aliyesimama ndani ya ngome, na uwanja umegawanywa katika vyumba vyenye pembe sita kama sega la nyuki. Wachezaji hupokezana: mmoja hufanya yake yote, kisha humwachia mwenzake. Hakuna kukimbizana kwa vidole kama katika michezo mingine ya vioo. Kuna kuketi na kufikiri.

Nilimwomba anieleze mianzo yake tu, kwa kuwa ukurasa ulioleta balaa ulihusu mianzo. Naye akaeleza kwa ufasaha ambao sijaupata kwa baadhi ya wanafunzi wangu wa uzamili. Aghalabu kila upande huanza na vipande 100 vya dhahabu. Kiongozi akiwa ngomeni husajili askari, na kila askari ana bei yake, hivi kwamba mia hiyo hutosha watano au sita. Dhahabu ikiisha imeisha. Nyingine hutoka vijijini: kila kijiji unachokitwaa hukupa vipande viwili kwa kila zamu, na askari aliyejeruhiwa akilala kijijini hupata nafuu. Basi zamu mbili tatu za mwanzo hazina vita kabisa. Ni kutawanyika. Kila askari hupewa kijiji chake, na fundi hujulikana hapo, maana anayewatuma wawili kwenda kijiji kimoja amepoteza zamu nzima ya mmoja wao.

Kisha akaja kwenye saa. Siku katika mchezo huo ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, na makesha mawili ya usiku. Wako askari ambao nguvu yao huongezeka kwa robo mchana na kupungua kwa robo usiku, na wako ambao mambo yao ni kinyume. Wafu na mazimwi ni watu wa usiku. Mchezo ukianza alfajiri, hesabu mwenyewe, msomaji: zamu ya tano ni nini? Ni kesha la kwanza. Kiongozi wa wafu anayejua kazi yake hafiki mlangoni pa adui zamu ya tatu, jua likiwa utosini. Huwaficha watu wake, tena mifupa ya wafu ina kipaji cha kujizamisha katika kina cha maji isionekane, kisha hutokeza usiku uingiapo. Kijana na wenzake sita walikuwa wamepanga hayo kwa ajili ya mashindano yao ya Jumamosi katika chumba cha tarakilishi, ruhusa wakiwa nayo. Hapakuwa na moto. Hapakuwa na bawabu.

Nilimwuliza swali la mtu wa lugha: mbona waliandika kwa Kiswahili, ilhali nakala ya mchezo waliyokuwa nayo ni ya Kiingereza? Jibu lake limenikaa moyoni. Shuleni mwao kuna siku za Kiingereza na siku za Kiswahili, na siku ya Kiswahili anayenaswa akitumia lugha nyingine huadhibiwa. Siku walipopanga ilikuwa siku ya Kiswahili. Wao walitii sheria.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kesi hii ilikuwa yangu kuliko nilivyodhani. Lau ukurasa ule ungeandikwa kwa Kiingereza, mwalimu yeyote angeutambua mara moja kuwa ni mchezo, kwa sababu tumezoea kwamba mazimwi, ngome na wachawi wanagenzi katika Kiingereza ni mambo ya vitabu na sinema. Kwa Kiswahili maneno yale yale yalichukuliwa kama yalivyo: mfu ni mfu, mchawi ni mchawi, na usiku ni usiku. Kiingereza tumekipa ruhusa ya kucheza. Kiswahili tumekiachia matangazo ya hatari, mahubiri na insha za methali. Sisemi kwamba lugha yenyewe ina upungufu huo, kwani watoto wa pwani wamelelewa na mazimwi ya hadithi tangu enzi, na sisi huku tulitishwa na linani kabla ya kujua kusoma. Upungufu umo katika matumizi tuliyoyaidhinisha shuleni.

Vijana wale, kwa taarifa yako, walikuwa wamefanya kazi ya istilahi ambayo kamati zetu zingeikalia miaka miwili. Wale viumbe warefu wa msituni wenye mishale waliwaita 'watu wa msitu'. Walikataa 'majini', kijana alinieleza, kwa kuwa rafiki yao Mwislamu aliwaambia kwamba majini wametajwa katika dini yake na si wa kuchezewa. Majoka yenye mabawa yalibaki 'majoka'. Waliteleza mahali pamoja: wale wafupi wachimbao madini waliwaita 'mbilikimo'. Nikamwambia mbilikimo ni jina walilobandikwa binadamu halisi, walio na vijiji na watoto huko Kongo, na halifai kupewa viumbe wa kubuni. Alifikiri kidogo, akasema, 'Basi watakuwa wahunzi.' Neno zuri. Nimeliandika.

Jumamosi nilimchukua twende Bungoma kwa babangu, kusudi apumzike macho ya majirani. Tulipanda matatu Kitale, tukapitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, na tulipofika chini ya vilima vya Chetambe nikamwonyesha. Huko juu, mwaka wa 1895, Wabukusu walijifungia ndani ya ngome yao yenye ukuta wa udongo na handaki wakakabiliana na jeshi lililoongozwa na Mwingereza Charles Hobley, lenye askari wa Kisudani na Waganda na bunduki ya Maxim. Ukuta ulikuwa umewafaa miaka mingi dhidi ya mikuki. Kijana alitazama kwa dirisha mpaka kilima kikatoweka, kisha akauliza kama walikuwa na vijiji vingine nje ya ngome. Nikamwambia walikuwa navyo, na kwamba kabla ya Chetambe palikuwa na vita vya Lumboka. Akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu.

Babangu alifanya kazi bandarini Mombasa tangu ujana wake hadi 1979. Alirudi Bungoma na vitu vitatu: baiskeli, Kiswahili ambacho majirani hukiita cha Waarabu, na bao la mti wa mvule lenye mashimo 32. Bao alifunzwa Majengo, chini ya mwembe, na wazee ambao hawakumruhusu kugusa kete mwaka mzima, ila kutazama tu. Kwetu amekuwa akicheza na watu wachache wenye subira, na wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Mzee alimsikiliza mjukuu wake hadi mwisho, kidevu kikiwa juu ya bakora. Kisha akasema, 'Hiyo si ni namu?' Akaagiza bao liletwe.

Nawaomba radhi wajuzi, lakini wapo walimu wengi wa bara ambao bao wamelisikia tu. Kete zote ni 64, kila mchezaji 32, na kila mmoja ana safu mbili za mashimo manane. Lakini kete zote haziwi uwanjani mwanzoni. Kila mmoja hutia sita katika shimo la pekee liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuume kwake. Hizo ni kumi. Zile 22 zilizosalia hukaa ghalani au mkononi, na kila zamu mchezaji huingiza moja, hadi ziishe. Kipindi hicho ndicho namu, au kunamua. Ghala likishakauka, mchezo huingia katika kipindi cha pili, mtaji, ambapo unacheza kwa ulicho nacho uwanjani tu.

'Tazama,' mzee alimwambia. 'Zamu ya kwanza waweza kula?' Kijana akayakagua mashimo. Nyumba ya mmoja haielekeani na nyumba ya mwenzake, na mashimo yao yenye kete yanapishana. Ili ule, kete yako sharti iangukie shimo lenye kete, linalotazamana na shimo la mwenzako lenye kete. Pale mwanzoni hakuna shimo hata moja la namna hiyo. 'Hapana, Kuka,' alijibu. 'Hakuna vita.' Mzee akacheka. 'Unatakata tu.' Kutakata ni kucheza bila kula. Mzee akatia kete moja katika shimo lililo jirani na nyumba yake, zikawa tatu, akazisambaza kuelekea kushoto: moja nyumbani, mbili zikaingia mashimo matupu, ya kwanza uso kwa uso na nyumba ya kijana. Ya mwisho iliangukia shimo tupu, ikalala. 'Sasa nimekugongea hodi. Utafanyaje?'

Niliwaacha nikaenda kumsaidia mama kuchambua maharagwe, na niliporudi baada ya saa moja, mabishano yalikuwa yamepamba moto. Kijana alikuwa akidai kwamba nyumba ni ngome, ghala ni ile dhahabu mia, na kwamba kosa la kuivunja nyumba mapema ni lile lile la kiongozi anayetoka ngomeni zamu ya pili kwa uroho wa kupigana, kisha akapata dhahabu na asiweze kusajili. Mzee alikubali nusu. Alichokikataa kabisa ni bahati. Katika mchezo wa kijana, kila pigo lina uwezekano wake: anayelindwa na msitu au mlima hukoswa mara nyingi, anayesimama uwandani hupatwa, lakini hakuna hakika. 'Hiyo kamari,' mzee alisema. Kijana akajitetea kwamba vita vyote vina bahati, naye mzee akamwuliza ni bahati gani iliyomfanya ale kete nne sasa hivi.

Jambo la pili waliloliona wao wenyewe, si mimi, ni hatima ya waliotekwa. Katika Wesnoth askari akifa ametoweka. Katika bao kete iliyoliwa haifi, bali huingia upande wako na kusambazwa kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, na kesho yake inaweza kumla mwenyewe wa jana. Ghala likishaisha, kete ni 64 hadi mwisho, hazipungui hata moja. Kijana alilitafakari hilo kimya. Baadaye aliniambia kwamba mchezo wa Kuka ni mgumu zaidi, kwa sababu hakuna anayeondoka.

Mwanaisimu hawezi kuketi kando ya bao bila kuokota maneno. Mtaji ni neno la dukani pia: fedha za kuanzia biashara. Kunamua ni kunasua kitu kilichonaswa. Kete ikikwama hulala. Nyumba husafiri, na ikishasafiri hairudi kuwa nyumba. Hii ni istilahi kamili ya mchezo wa mikakati, na imekuwepo kabla ya kioo chochote kuwashwa. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyekaa na mafundi wa bao wa Zanzibar, aliandika tasnifu yake ya uzamifu ya Leiden, 1995, juu ya namna mafundi hao wanavyofikiri na kukumbuka. Nimeisomesha tasnifu hiyo. Sikuwahi kumsomesha babangu.

Jioni ile kijana aliandika maelezo ya kupeleka mbele ya kamati. Nilimkataza kuniomba msaada wa hoja, nikamruhusu kuniuliza tahajia tu. Aliandika kurasa mbili kwa Kiswahili. Alieleza zamu ni nini katika mchezo na si nini. Badala ya 'sajili sita' alieleza ghala na kunamua. Badala ya 'tunaingia' aliandika kwamba jeshi la wafu hungojea usiku kama mchezaji wa bao anavyoitunza nyumba yake isisafiri kabla ya wakati. 'Mwanagenzi wa uchawi' alimwacha, akaongeza kwamba ni askari dhaifu asiyeweza hata kurudisha pigo akishambuliwa karibu.

Kamati ilikuwa na watu watano. Mmoja, mwalimu mwenye umri wa kutosha kukumbuka, alitaja ile tume iliyoteuliwa na Rais Moi mwaka wa 1994 kuchunguza ibada ya shetani, ambayo ripoti yake ilitolewa hadharani 1999, akauliza ikiwa sisi wazazi tunajua watoto wetu wanapelekwa wapi na vioo hivi. Sikumdharau. Niliomba tarakilishi iwashwe kijana auonyeshe mchezo, nikaambiwa chumba kimefungwa tangu siku ya tukio na ufunguo haupo. Basi kijana alisoma maelezo yake akiwa amesimama, mikono nyuma.

Alipofika kwenye bao, naibu wa mwalimu mkuu, aliyeandika ile barua, alimkatiza. 'Babu yako anacheza kwa kutakata kushoto au kulia?' Nilishtuka. Kumbe alizaliwa Kilifi. Kijana akajibu, 'Kushoto, bwana. Kuelekea nyumba ya mwenzake.' Naibu akasema, 'Huyo mzee hana huruma,' na kwa mara ya kwanza watu wakacheka mle chumbani.

Alirejeshwa darasani siku iyo hiyo. Wenzake sita walirejeshwa pia, wawili baada ya kupoteza juma moja zaidi kwa kuwa wazazi wao walikosa nauli. Mchezo umepigwa marufuku shuleni, na daftari limo ndani ya jalada lake, ambamo litakaa hadi amalize. Nilimwandikia mwalimu mkuu kuomba liondolewe. Sijajibiwa.

Wakati wa likizo ya Desemba kijana alikaa Bungoma wiki tatu. Siku ya kuondoka alikuwa katikati ya mchezo na babu yake, kete tisa zikiwa bado mkononi mwake, na matatu ya Kitale ilikuwa imeanza kupiga honi barabarani. Alizifunga kete zake katika leso akaziweka kando ya bao. Mzee alilifunika bao kwa gunia, akaweka jiwe juu, akawaonya watoto wote wa boma kwamba atakayeligusa kabla ya likizo ya Aprili atamjua.